Mwanamke Aniitaye Kahonzi

Shikamoo Bibi Mshauri,

Naomba unisaidie, kwani nyumbani sina wa kumwambia. Baba yangu ni Mhindi mwenye duka hapa Malindi, na katika jamaa yetu aliyezaliwa Kachi, Bara Hindi, huketi busati la mbele, aliyezaliwa huku huketi nyuma yake, na chotara hulishwa uani, nami tangu utoto naambiwa nilizaliwa Kachi, na ndiyo sababu nimeposwa na watu wakubwa wa Mombasa.

Tangu posa ilipopokewa, kila adhuhuri husimama mwanamke wa Kigiriama upande wa pili wa njia, upepo unavuma na marinda ya hando lake jeupe kiunoni hayatikisiki, naye huniita Kahonzi, na mara ya kwanza niliitika kwa Kigiriama, lugha nisiyopata kufundishwa. Baba asema haoni mtu, lakini dirisha la upande ule amelipigilia misumari.

Nikamuuliza Kadii, mpishi wetu, Kahonzi ni nani. Akaweka mwiko chini.

"Ni wewe," akasema. "Mamako Mbeyu ndiye aliyekupa jina hilo. Alikuzaa Matsangoni, akazikwa huko huko ulipokuwa hujaacha kunyonya."

Nilipomkabili baba hakukana, aliniambia tu, "Sema Kachi, usiongeze neno," kwa kuwa siku ya nikaha mama wa mchumba ataniuliza mbele ya wanawake wote, na nikisema kweli posa itavunjika na mdogo wangu naye hataolewa. Lakini jana nilipojaribu kutamka "Nilizaliwa Kachi," kinywani mwangu likatoka "Matsangoni," kwa sauti isiyo yangu, na mama wa kambo akaisikia akaanza kulia. Yule mwanamke sasa husimama barazani petu. Nifanye nini?

Binti wa Dukani, Malindi

JIBU

Marahaba, binti yangu. Pole, umebebeshwa mzigo wa watu wazima. Lakini nitakukemea: unamhofu marehemu ambaye hajakugusa, na huwahofu walio hai wanaokutaka uanze ndoa kwa uongo.

Mambo ya sauti sina elimu nayo. Mwendee sheikh akusomee. Hata kama usingemwona mtu, Mbeyu angekuwa mamako vilevile. Mwambie baba yako, Kadii akiwapo, kwamba hutasema uongo, nawe usimpandishie sauti. Huenda naye anamwona yule mwanamke. Kisha mchumba apelekewe habari kabla ya nikaha, si siku yenyewe. Akirudi nyuma, mwache arudi. Mdogo wako usimfanye kisingizio, maana siri hii ikifichuka baada ya harusi itawaumiza nyote wawili.

Yule mama akikuita tena, itika, wala usikimbie. Halafu fuatana na Kadii mpaka Matsangoni, uonyeshwe kaburi, umwombee. Wenyeji watakuuliza wewe ni nani. Usijiite mgeni. Litaje jina la mamako kwanza, la babako lifuate.