Jina la Baba yake Mutua

Mwende mjukuu wangu,

Huku Kambu tuko salama. Ndengu zimetoa maua na mguu wangu umepunguza kuuma. Uliniuliza kwa simu kama ni lazima uamini Mariamu alizaa akiwa bikira, nami nikakata simu. Sasa nakujibu.

Nikiwa na miaka kumi na tisa, kule Nuu, wazee wa kanisa walinisimamisha mbele ya watu nikiwa na mimba. Wakauliza ni ya nani. Sikusema, na hata leo sisemi. Nikaamriwa kukaa benchi ya nyuma, ya waliotengwa.

Babu yako Mutua akasimama upande wa wanaume. "Akizaliwa kijana, ataitwa jina la baba yangu."

"Kwa hivyo mimba ni yako?" mzee mmoja akafoka.

"Si yangu."

Mutua akavuka, akaketi kando yangu kwa ile benchi.

Mariamu alikuwa bikira, Mwende. Mimi sikuwa, usinichanganye naye. Lakini tangu siku hiyo naamini bila taabu kwamba Mungu alimleta Mwanawe pasipo mwanaume wa kujisifu kuwa ni kazi yake. Yusufu alipokea tu, akampa jina. Sisi pia tunapokea tu.

Tulihama Nuu kabla ya mtoto kuzaliwa. Ndiye baba yako, Kilonzo. Nilimwambia jana, mara ya kwanza, kwamba Mutua siye aliyemzaa, naye akatoka akaenda zake.

Kabla ya kunijibu mimi, mpigie yeye. Mwite kwa jina lake.

Susu yako