Kidole Gumba cha Mzee Chuma

3 Machi

Mwanangu,

Hujambo? Sisi wazima. Goti la mama yako limetulia, na mimi sina la kulalamikia ila la kazini.

Wametunyang'anya bastola za chuma. Miaka ishirini na sita nimelinda ghala hili na bastola ile ile moja, leo nimekabidhiwa ya plastiki. Nikamuuliza mtunza silaha, "Na ya kweli iko wapi?" Wenzangu wakacheka mpaka wakainama. Sasa wananiita Mzee Chuma.

Niseme ukweli: inapiga pale ninapolenga. Ubaya wake ni mmoja. Kila ukifyatua, chuma cha juu huenda nyuma na kurudi; risasi zikiisha kinapaswa kubaki nyuma, ujue magazini, kile kikasha cha risasi, ni tupu. Changu kinarudi mbele. Nafyatua tena, tik! Hakuna kitu, na muda umekwenda.

Mtihani ni tarehe 28: risasi sita, badili magazini, sita nyingine, sekunde ishirini. Mimi natumia ishirini na tatu. Anayeshindwa anarudisha silaha na kukaa kwenye dawati la kusajili wageni. Mimi na wageni unatujua.

Bastola ni mbovu. Nimeomba nyingine.

Baba yako

11 Machi

Shikamoo baba,

Natumaini hujamgombeza mgeni yeyote bado. Mimi mzima. Chuoni wameniletea askari wapya kumi na wawili niwafundishe shabaha, na wawili kati yao wanafumba macho wakifyatua.

Nijibu mawili. Mtu mwingine akiipiga hiyo bastola, chuma kinabaki nyuma? Na kidole gumba chako cha kulia kinakaa wapi?

Mwanao

16 Machi

Mwanangu,

Salama? Mama yako anauliza kama unakula au unakunywa chai tu.

Wamenipa nyingine, na mambo ni yale yale. Ile ya kwanza mtunza silaha aliipiga mbele yangu mara tatu. Mara zote tatu chuma kilibaki nyuma. Sikuupenda uso wake.

Gumba linakaa pale nilipokufundisha ulipokuwa na miaka kumi na tisa: juu. Kwa nini?

Baba yako

20 Machi

Shikamoo baba,

Mwambie mama ninakula.

Basi ndipo hapo. Ile ya chuma ilikuwa na kitufe cha usalama ubavuni, ukanifundisha kulaza gumba juu yake. Hii haina. Pale pale pana kijichuma kidogo kinachopanda risasi zikiisha, ndicho kinachozuia chuma cha juu. Gumba lako linakikandamiza, hakipandi. Bastola haina kosa.

Nimelijuaje? Mwaka wangu wa kwanza na ya plastiki nilifeli mtihani kwa kosa hilo hilo. Nilikuambia niliumwa. Sikuweza kukuambia kwamba somo lako ndilo lililoniangusha.

Shusha gumba, lielekee mbele, liegemee lile la kushoto. Zimebaki siku nane. Omba ruhusa ufanye mazoezi hapo kiwanjani bila risasi, ukague mara mbili kwamba ni tupu. Mara mia kwa siku, mpaka mkono usahau.

Mwanao

30 Machi

Mwanangu,

Sisi wazima, goti pia.

Sekunde kumi na nane. Kumi na moja zimeingia, moja imekwenda kusalimia fremu ya mbao ya shabaha. Baada ya ile ya sita chuma kilibaki nyuma kama kinavyotakiwa, nikaduwaa kidogo, ndipo nikabadili magazini. Bila kuduwaa ingekuwa kumi na saba.

Mtunza silaha akasema, "Hongera, Mzee Chuma." Nikamwambia jina hilo limepitwa na wakati.

Ungeniambia mwaka ule. Nisingekasirika. Haya, ningekasirika wiki moja. Mama yako, anayesoma begani kwangu, anasema tatu.

Jana nimepewa walinzi wapya wanne niwafunze. Mmoja kauliza gumba likae wapi. Nikamwambia: chini, mbele. Akauliza nilifundishwa na nani.

Nikamwambia na binti yangu.

Baba yako