Maji ya Kupoozea Bomba

Baba Rosina,

Usiwashe kibatari wala sigara kabla hujafungua mlango wa jikoni. Kuni nimezizima, lakini pipa la gongo bado linafuka mvuke. Ugali uko chini ya sahani. Mbuzi hawajafunguliwa.

Ulisema maji ya kupoozea bomba tuyazungushe yale yale kwa ndoo, tusisumbuke kwenda mtoni. Leo asubuhi yalichemka. Badala ya matone ya gongo bomba likatoa mvuke wa pombe, moto ukaurukia, ukamkuta mama yako ameinama akikinga chupa.

Nampeleka hospitali Mbinga kwa gari la kahawa. ~~Macho yatapona.~~ Macho hayafunguki. Amenisihi, “Usimwambie mwanangu, atajilaumu.” Mimi nimekwambia.

Njoo na shuka safi. Padre ukimkuta, njoo naye.

Mama Rosina