Mlango wa Wageni

Jumatatu, 7 Septemba 1953

Kosa la watu wengi ni kudhani bustani ni maua. Bustani ni maji. Maua ni ushahidi tu kwamba maji yapo.

Ile bustani ya mawe hapa Nachingwea, Mjerumani mmoja wa zamani aliizungushia ukuta kwa sababu ndani mna kisima kisichokauka, hata kiangazi kama hiki. Mjerumani akaenda zake. Ukuta ukabomoka upande wa kwetu, na kwa lile pengo mtaa mzima umekuwa ukiteka maji na kuotesha mchicha. Hakuna aliyeiita bustani. Tulipaita kisimani.

Sasa amekabidhiwa Mwingereza mmoja, Bwana Kamba. Si jina lake, lakini kila aendako ana kamba ya kupimia. Alikuwa kwenye ule mradi wa karanga wa serikali. Karanga zikamshinda — sasa anataka mawaridi! Ameng'oa mchicha. Amenyoosha vijia kama reli. Mawe ameyapaka chokaa — mawe! — na leo wameziba pengo kwa saruji. Anasema patakuwa mahali pa kila mtu kuja kutembea. Kutembea humo, kuelekea wapi?

Jumamosi, 12 Septemba

Kibao kimewekwa mlangoni. Kazi ya Filbert, karani wa Bwana Kamba. Herufi nzuri, simnyimi haki yake. BUSTANI HII IKO WAZI KWA WAGENI.

Nikamwambia: Filbert mwanangu, umeharibu. Bwana wako alitaka kusema yeyote anayekuja kutazama. Lakini kwetu mgeni ni mtu asiye wa hapa. Mwenyeji akisoma hiki anaelewa kwamba hahusiki.

Akajibu kwamba ameangalia kwenye kamusi. Kamusi! Angeangalia nje ya dirisha angeona wanawake na madebe yao.

Jumanne, 15 Septemba

Mlinzi wa mlango ni Kipriani, Mmakonde aliyevuka Ruvuma wakati ule wa kung'oa visiki kwa ajili ya karanga, na mkeka wake na watoto. Siku yake ya kwanza kisimani, Bi Mwanne, jirani yangu, alimwambia: mgeni, ngoja, wenyeji wateke kwanza. Akangoja mpaka ikabaki tope. Tangu hapo Bi Mwanne hajawahi kumwita kwa jina.

Leo Kipriani amevaa kofia ya kaki. Bi Mwanne akafika na debe.

— Mama, wewe mgeni?

— Mgeni wewe na ukoo wako! Kitovu changu kimezikwa nyuma ya ukuta huu.

— Basi kibao kinakukataa. Wageni tu. Sema neno moja, mama, uteke mpaka shingo ichoke.

Watu walicheka. Bi Mwanne akajitwika debe tupu akashuka bondeni, kule wanakofukua maji kwenye mchanga. Mwanamke wa umri ule!

Ijumaa, 18 Septemba

Baada ya swala wazee tumekubaliana: hatuingii. Anayeingia leo kwa jina la mgeni, kesho ataambiwa hata shamba lake la mikorosho amekaribishwa tu. Hoja nzuri. Niliitoa mimi. Imesifiwa sana na watu wasiobeba maji.

Jumapili, 20 Septemba

Ufunguzi! Wazungu wachache, mbwa mmoja, na muuza duka Mhindi aliyevaa tai kwa heshima. Wamezunguka vijia, wamemaliza, wamezunguka tena. Bwana Kamba akauliza wenyeji wako wapi. Nikamwambia, mimi nikiwa nje ya mlango na yeye ndani: wako nyuma ya ukuta, wanasikiliza mawaridi yako yakimwagiliwa.

Nikamfafanulia neno. Alielewa, tena upesi kuliko Filbert. Kibao kitabadilishwa, akasema, ila lazima kwanza awaandikie wakubwa wake Lindi. Lindi! Neno la herufi sita! Saruji ya kuziba pengo haikuomba ruhusa ya Lindi.

Alhamisi, 24 Septemba

Bi Mwanne ameanguka jana kwenye mteremko wa bondeni, debe kichwani. Nyonga. Mganga wa zahanati amesema mfupa haukuvunjika, ila homa inampanda: anywe maji mengi, na yale ya bondeni asiyaguse, yamekuwa tope. Rahisi kusema. Binti yake yuko Lionja, tumempelekea habari.

Jioni Kipriani akaja mlangoni kwake na debe limejaa, kofia mkononi. Akapiga hodi. Nilikuwa ndani, nikamsikia Bi Mwanne akijibu kutoka kitandani: maji ya mgeni sinywi. Kipriani akasema, mama, mzaha umekwisha. Akaliacha debe kizingitini.

Ijumaa, 25 Septemba

Debe liko vilevile, nyuki wamezama ndani. Midomo ya Bi Mwanne imepasuka. Nikamweleza, taratibu, kwamba maji hayana kabila. Nilieleza vizuri. Akanisikiliza hadi mwisho.

— Mwalimu, si wewe uliyesema msikitini tusiingie? Wameniletea maneno yako. Mazuri. Nayafuata.

Nikainuka, nikachukua debe lake tupu.

Akaongeza kwamba atakunywa, ila yakitekwa na mkono wa mwenyeji. Mkono wa mwenyeji! Na mwenyeji hapiti mlangoni.

Nikaenda kwa Kipriani. Nikamwambia, ndugu yangu, niruhusu tu, mgonjwa ni yule yule uliyempelekea maji. Akakiangalia kibao, akaniangalia.

— Mama hajiwezi, yeye simuulizi tena. Wewe mzima, Mwalimu. Na kusoma unajua.

— Unataka niseme?

— Sitaki kitu mimi. Kibao ndicho kinachouliza.

Watu walikuwa wamesimama pale. Wale wale wa msikitini, wa Ijumaa iliyopita. Nikageuka, nikarudi nyumbani na debe tupu, nikaketi kuandika haya kana kwamba wino unanyweka.

Na nikilisema hilo neno, huo mkono utakuwa wa nani? Bi Mwanne atakunywa? Sijui. Namsikia anakohoa ng'ambo ya ua.

Weka kalamu, Mwalimu. Chukua debe, nenda mlangoni sasa hivi, na Kipriani akikuuliza u nani, jibu: mgeni.