Nimelitoboa Paa Gari Lako la Mayai

Mama, huko Murang'a ulikolala kando ya migomba,

Nakuandikia mapema, kabla Mjomba Karanja hajafika kaburini kwako kunishtaki. Najua atakuja, na najua atasimulia vibaya. Nimelitoboa paa gari lako. Halikugongwa wala halikuliwa na kutu. Nililipeleka mwenyewe kwa fundi, likakatwa shimo ambalo mtu mzima anaweza kutoa kichwa na mabega yote mawili. Sijutii hata kidogo.

"Uza gari, ununue ploti." Hayo ndiyo uliyoniachia siku zako za mwisho, na siku hizi mtaa wetu mzima wa Tena unayajua, maana Mjomba aliyatangaza kwenye mazishi kwa kipaza sauti. Tangu siku hiyo siwezi kununua hata maziwa bila kuulizwa ploti iko wapi, Kamulu ama Joska. Watu ambao wao wenyewe wanapanga nyumba wanataka kujua kama nimeshaweka mawe ya mipaka.

Unalikumbuka lile gari letu lilivyokuwa? Jeupe, halina dirisha hata moja nyuma, trei za mayai zimepangwa karibu ziguse paa. Uliliendesha polepole mpaka wenye mikokoteni wakatupita wakitucheka. "Waache wapige honi," ulikuwa ukisema, "wao hawajabeba mayai." Mimi nilikuwa huko nyuma gizani, nimezikumbatia trei kwa mikono miwili kila tulipokaribia tuta. Nilijua tumefika Dandora kwa harufu tu, na Umoja kwa kelele za watoto wakitoka shule. Estate hizi zote nilizijifunza bila kuziona. Na nilikuwa na furaha, usije ukadhani nalalamika.

Kisha ukaugua. Miezi ile yote tulikaa katika nyumba yetu ya ghorofa ya pili, ile ambayo dirisha lake linatazama ukuta wa jirani kwa karibu sana, ningeweza kuupaka rangi nikiwa nimekaa kitandani kwako. Taa iliwaka mchana kutwa. Ulikuwa ukiniuliza, "Kumekucha kweli, ama ni stima tu?" Nami napanda hadi juu kwenye kamba za nguo, natazama, nashuka kukupa habari: leo kuna mawingu upande wa Ngong, leo jua ni kali, leo mvua inanukia. Ulinisikiliza vizuri, halafu ukageuka tena kuutazama ule ukuta. Ulitaka kuona mwenyewe, Mama, na hukuona. Hilo linanichoma mpaka sasa, na hakuna ploti ya kulitibu.

Kwa hiyo nikaamua. Kazi yangu ya kutengeneza cherehani unaijua. Mafundi wa nguo wa Isiolo na Maralal hutuma mashine zao kwa basi hadi Nairobi, zinafika zimevunjika zaidi kuliko zilivyoondoka. Sasa mimi ndiye nitakayewafuata, kwa gari lako. Nitalala garini, na nikifumbua macho nataka nione mbingu bila kumtuma mtu juu ya ghorofa.

Nilimwendea Fundi Owino pale Kariobangi. Huyu anajulikana kwa kupamba nganya, yale mabasi ya vijana yenye michoro na muziki wa kutikisa mifupa. Kwanza alinionyesha fiber ya plastiki, kama ile watu huweka kati ya mabati ipitishe mwanga. Nikaikataa palepale, maana ile ya choo chetu cha zamani Dandora iligeuka rangi ya meno ya mvuta sigara. Akaleta kioo cha paa kutoka gari lililogongwa. Kilikuwa kizuri kwelikweli, lakini kimepinda na hakifunguki. Mwisho akaburuta mfuniko wa tundu la dharura la paa la basi kuukuu, mnene, wa plastiki ya kupitisha mwanga, unaoinuliwa kwa mkono. Nikasema huo.

"Lakini glasi ndio inashine, madam," akanibembeleza.

"Mama yangu hakukosa mwanga peke yake," nikamwambia. "Alikosa na hewa."

Hakubishana tena. Nikaenda kunywa chai, na kurudi namkuta amechora mraba wa chaki juu kabisa ya kiti cha dereva, na ameshika nyaya za taa za buluu.

"Hapa ndio nganya zote hutobolewa," akasema, amejaa fahari. "Wasee wa stage waione ikikam."

"Owino, mimi sina stage wala abiria wa kunisubiri. Mimi nataka kulala."

Alinitazama kana kwamba nimesema nataka kupika ndani ya kanisa. Nikaingia nyuma, nikajilaza chali kwenye sakafu ile ile ya trei zako, nikamwambia achore pale pua yangu inapoelekea. Alicheka mpaka akakaa juu ya tairi. Lakini alichora, akaligonga paa kwa vidole asikie mbavu zake zilipo, akausogeza mraba kidogo ukae kati ya ubavu na ubavu.

Nikamwomba grinda. Mkato wa kwanza ulikuwa wangu. Mwanamume aliyekuwa akisubiri gari lake akasema kwa sauti, "Huyu mathe anaharibu gari poa."

"Ni la mama yangu," nikamjibu, "na ninaliharibu vizuri."

Nikaiwasha. Cheche zikaruka, na mwanga ukaingia mahali ambapo haukuwahi kufika tangu ulinunue. Tulipaka kingo rangi nyekundu ya kuzuia kutu, tukatia mpira na silikoni, tukakaza nati. Tulipomwaga maji, kona moja ikavuja. Tukafungua yote, tukaanza upya. Mara ya pili palibaki pakavu.

Jumamosi Mjomba akaja na mnunuzi aliyetaka gari la kubeba maziwa, kama alivyokuwa ameahidi bila kuniuliza. Mnunuzi akaingia nyuma, akainua macho, akatoka. "Hii si gari ya mzigo tena," akasema, akaenda zake.

Mjomba alibaki amesimama katikati ya uwanja wa ghorofa yetu. "Mami, umefanya nini? Neno la marehemu unalitupa kwa takataka?"

Mami. Hajawahi kuniita vingine, kwa kuwa nilipewa jina la mama yenu, na kwetu anayepewa jina la mtu ndiye mtu huyo mwenyewe. Nilipokuwa mdogo alikuwa akiniletea ndizi mbivu kabla ya kuwasalimia wakubwa, eti mama yake asikae na njaa. Mchezo wa upendo, na sote tuliuchukua kwa dhati. Siku hiyo niliuchukua kwa dhati zaidi.

"Karanja," nikasema, bila Mjomba, kama nyanya angemwita. "Mama yako amesema gari haliuzwi."

Wanawake waliokuwa wakianika nguo juu wakaangua kicheko. Aliondoka bila kunywa chai, na hiyo kwake ni hasira kubwa.

Mama, ploti ilikuwa upendo wako, nalijua hilo. Uliogopa nisije nikafukuzwa na mwenye nyumba nikiwa mzee, sina pa kuweka kitanda. Nimeuelewa woga wako na nimekataa kuurithi. Kama umekasirika, kasirika. Nitaibeba hasira yako, nimeshabeba mizigo yako tangu utotoni.

Kesho asubuhi naelekea Isiolo. Nakupenda, nakukosa mpaka kifua kinauma, na sitauza. Wewe pia uliniita mama, tangu siku niliyozaliwa hadi siku ile ya mwisho. Basi kwa hili moja, mwanangu, nyamaza unisikilize.

Ni mimi,
binti yako.