Mbuzi Tatu kwa Pikapu

Dada yangu Kamene,

Mombasa mko wazima? Hapa hata ile kuku yako kilema imetaga.

Sasa sikia. Juzi Kimeu alikopa pikapu, akaweka mbuzi tatu nyuma. Akaniambia, "Mama Mukai, vaa vizuri, tunatembea." Nikajua leo bwana yangu anapeleka ntheo kwetu, zile mbuzi za kunioa hajawahi kupeleka. Niliimba! Tukakula mandazi hapa Machakos, mahindi choma Mitaboni, mpaka nikafungua kifungo. Kufika njia ya kwetu Kathiani, akapita.

"Kimeu, umepita kwetu!"

"Kula mahindi, wewe."

Tukafika boma moja Kangundo. Wamama wakapiga vigelegele, wakanipakulia muthokoi na nyama, nikakula. Msichana mmoja akainama kunisalimia, "Mama mkubwa." Nikarudisha nyama kwa sahani. Kumbe hizo mbuzi ni za kumuoa huyo awe mke wa pili!

Tukirudi nikauliza, "Na zangu?"

Akacheka. "Si wewe uko nyumbani tayari?"

Kamene, kichwa yangu imezunguka. Niambie wewe: nikirudi kwa Mama, nitakuwa nimeachana na bwana, ama nitakuwa tu msichana amerudi nyumbani na watoto sita?

Ni mimi wako,
Ndinda