Jinsi Nilivyomchagulia Wino Tandiko

Nyumba ya mlango wa bluu,
Nyuma ya kinu cha unga.
Jumapili, tarehe 17, saa nne asubuhi.

Mpendwa Mjomba,

Ukisikia huko uliko kwamba kuna kijana anayeijua migongo ya farasi kuliko farasi wenyewe, usihangaike kuuliza ni nani. Ni mpwa wako. Juzi farasi wa muuza mkaa alinipita barabarani akainamisha kichwa, nami nikamwitikia kwa heshima yake. Shule niliiacha darasa la sita, na nasikia mpaka leo inanililia.

Shikamoo, Mjomba. U mzima? Kile kiuno kimetulia, au bado unafunga kamba za viatu ukiwa umelala kitandani? Na huko jikoni hospitalini, wanaoshiba ni wagonjwa au ni mpishi wao? Naulizia kwa sababu Mama ameitazama picha uliyotuma akasema mashavu ndiyo yameingia kwenye picha, mwili umebaki nje.

Sisi hapa hatujambo. Mama anakohoa kidogo kwa vumbi la kinu, ila sauti ya kunigombeza haijapungua hata robo. Wiki hizi anamsingizia panya kwamba amemaliza kopo zima la rangi nyeusi ya viatu. Mimi nimenyamaza, panya ajitetee mwenyewe.

Barua yako ya kutaka farasi wako Wino atafutiwe tandiko jipya tuliipata. Uliandika mstari mmoja tu: limfae farasi, limfae na mpandaji. Mama akataka kazi hiyo aifanye mwanao Kijiti, kwa kuwa ndiye atakayelikalia. Nikamwambia hii ni kazi ya kitaalamu. Kijiti hakubisha. Unamjua binti yako, maneno anayahesabu kama anamtunzia mtu. Alisema tu, "Haya, binamu. Lakini ukikosea, mgongo ni wa Wino, siyo wako." Nikamwona ananionea wivu.

Tandiko lako la zamani, Mjomba, halina kosa kwa Wino. Miaka tisa limemkaa vizuri. Tatizo ni kwamba ndani yake mmeishi wewe na makalio yako, nasema kwa adabu zote, na mlipohama mkaacha uwanja. Kijiti ni mwembamba, akisimama upande unamtafuta. Akikaa humo anakuwa kama kijiko kimoja ndani ya sanduku la vyombo: farasi akikata kushoto, yeye anafika baadaye.

Na jaribio la walinzi wa bwawa lilikuwa limebaki wiki tatu. Ndiyo kazi anayoitamani tangu akiwa wa kubebwa, ile ya kuzunguka bwawa la maji juu ya farasi, na kila mtu anakwenda na farasi wake. Masharti yao yako wazi. Unapanda nusu saa, unaruka mtaro, kisha mkaguzi anaondoa tandiko na kumpangusa farasi mgongoni kwa leso nyeupe. Farasi wako akiumia, ukatoa taarifa mapema, wanakupa siku nyingine bila maneno. Ila wakigundua wenyewe kuwa umemleta ameumia, jina lako linafutwa mpaka mwaka ujao. Jinsi ilivyokuwa siku hiyo, Kijiti anasema ameshakuandikia. Nami nitafika huko, niache kwanza nikueleze utaalamu wangu.

Tulikwenda kwa fundi matandiko, yule wa uchochoro wa washonaji, ambaye watu wote wanamwita Kimya. Karakana yake imejaa harufu ya ngozi na nta, na ukutani yametundikwa matandiko saba ya tayari. Kimya hapimi mtu kwa futi. Ana gunia bapa lililojaa vumbi la mbao, anakuambia ukae, uinuke, halafu anasoma shimo uliloacha kama mtu anayesoma gazeti. La Kijiti lilitoka dogo na safi, kama alama ya sahani ya chai. Mama naye akakaa, kwa udadisi tu, fundi ikabidi aongeze vumbi. Nilipokaa mimi yalitoka mabonde mawili, la kulia limezama kuliko la kushoto. Kimya akayatazama kwa muda, akasema, "Hili nitalikumbuka." Nilidhani ananisifu.

Farasi naye anapimwa kwa waya laini. Unaulaza juu ya mgongo, unaubonyeza mpaka ukamate umbo, mara ya kwanza nyuma ya mabega, ya pili katikati, ya tatu kiunoni. Kimya mguu wake mbovu, hawezi kutembea mpaka kwetu, basi akanipa nyaya tatu na kipande cha boksi. Akaniambia maneno mengi kuliko aliyowahi kumwambia mkewe: "Ukishapima, chora kwenye boksi palepale. Palepale. Usiondoke na waya."

Nilipima vizuri sana, Mjomba. Wino alisimama kama yuko studio anapigwa picha. Nikafunga kila waya uzi wa rangi yake, nikazitia mfuko wa nyuma wa suruali. Kuchora sikuchora. Nilijiambia kuchora ni kwa watu wasahaulifu.

Njiani, kwa fundi baiskeli, nikawakuta vijana wanabishana kama farasi hulala amesimama au amejilaza. Ungewaacha hivyohivyo, wafe na ujinga? Nikakaa juu ya tairi bovu nikawaelimisha saa nzima. Nilipoinuka, nyaya zilikuwa zimebadilika tabia. Nikazinyoosha kidogo kwa kumbukumbu, kidogo kwa goti, nikazipeleka.

Kimya akazigeuza, akazigeuza tena. "Huyu farasi ana mgongo wa namna gani?"

"Wa kifahari," nikamwambia.

Akajaribisha zile nyaya chini ya matandiko yake, akapata mawili yanayokaribiana nazo. Moja lilikuwa la kawaida. Lingine lilikuwa na vifungo vya shaba pande zote na uzi mwekundu, ukilipeleka juani mpaka kuku wanakimbia. Sihitaji kukuambia nilichagua lipi. Kijiti alipolikalia pale karakanani, juu ya gogo, lilimkaa sawasawa: goti mahali pake, mguu umefika kwenye kikuku cha kukanyagia, mgongo umenyooka. Kwa hiyo kwa upande wa mpandaji sikukosea hata unywele, liandike hilo mahali.

Upande wa farasi kulikuwa na maoni tofauti. Tulipomtandika, tandiko likaegemea mbele kama mtu anayechungulia dirishani. Nikakunja blanketi nikaliinua. Likaegemea nyuma. Nikaongeza blanketi la pili, na la tatu, la kitanda cha Mama. Mama akatoka na sufuria mkononi akauliza, "Mnampandisha Wino ghorofani?" Na kweli Kijiti alipopanda juu ya hayo yote alikuwa anaona ndani ya uwanja wa jirani.

"Binamu, anakunja masikio," akasema.

"Anasikiliza."

"Anataka kuuma."

"Anacheka. Wewe hujawahi kumwona farasi akicheka."

Wino akanyoosha shingo, akanivua kofia, akaitafuna. Nikasema tandiko jipya ni kama kiatu kipya, lipewe siku likae. Tukalipa siku nane. Tangu siku ya tano nilikuwa namsafisha na kumtandika mwenyewe, alfajiri, kabla mtu hajaamka. Sikutaka Kijiti achoke na jaribio liko karibu. Unaona nilivyo na huruma.

Siku ya nane Kijiti, bila kuniaga mimi mtaalamu, akaenda kwa muuza mkaa akaomba mkokoteni, akamleta Kimya mzimamzima na gunia lake na nyaya zake. Akasema farasi wa babake anatembea hatua fupifupi kama mtu aliyebanwa na viatu, na yeye hatapanda tena mpaka ajue sababu.

Kimya akaondoa mablanketi, akaliweka tandiko tupu mgongoni, akapitisha kiganja chini yake. Hakikupita. Kwa nyuma pakabaki uwazi ambao paka angelala. Akaniuliza, "Wewe ulipima farasi, au ulipima kiti?" Kisha akatoa mfukoni zile nyaya zangu, akalitandaza gunia chini, akaniambia nikae. Nikakaa. Nikainuka. Akazilaza nyaya ndani ya mabonde yangu, ule wa kwanza, wa pili, wa tatu. Mjomba, ziliingia zote. La kulia limezama kuliko la kushoto, vilevile.

Mama alicheka mpaka akashika nguzo ya banda. Muuza mkaa alikaa chini kabisa. Hata Kimya mabega yalitikisika, na watu wa uchochoroni wanasema hilo halijatokea tangu afunge ndoa. Siku nane farasi wako alivaa tandiko lililochaguliwa kwa umbo la makalio yangu. Mtaani sasa wananiuliza kama napokea hatamu au naendeshwa hivihivi.

Kimya akampima upya, akachora palepale. Kabla hajarudi mkokotenini aliniuliza swali moja, nikamjibu, mambo yakaendelea. Kesho yake likaja tandiko lingine, baya kwa sura, jeusi kama sufuria ya shughuli, halina kifungo hata kimoja. Lakini ungeliona. Juu ya kile kifupa kinachoinuka mwisho wa shingo vidole viwili vinapita. Ukichungulia kwa nyuma, unaona mwanga umenyooka mpaka mbele, hakuna kinachogusa uti wa mgongo. Kijiti akapanda, Wino akashusha pumzi ndefu, masikio yakasimama. Walipotoka getini walikuwa kitu kimoja, huwezi kusema nani anambeba nani. Hapo nilielewa ule mstari wako, na nilijisikia vibaya kidogo kwamba ulitosha mstari mmoja.

Siku ya jaribio walikuwa kumi na mmoja. Sikudanganyi, Kijiti aliwapita wote. Mtaro aliuruka kama anavuka kizingiti cha nyumba yake. Mkaguzi aliandika kitu na kukipigia mstari chini, nilimwona kwa macho yangu.

Karatasi inakwisha, Mjomba. Mama anakusalimu sana, anasema ule vizuri lakini usile vyote. Muuza mkaa anakusalimu. Kimya alitikisa kichwa nilipokutaja, nadhani ndiyo salamu. Nisalimie na wenzako wa jikoni. Mungu akulinde na moto wa majiko na akurudishe mlangoni kwetu ukiwa na kiuno chako chote.

Nilitaka niishie hapo, niweke jina. Nimeishika kalamu tangu Mama aende sokoni, na sasa amesharudi.

Kijiti amekuandikia kwamba hakuchukuliwa kwa sababu alivuta hatamu vibaya. Najua, kwa kuwa mimi ndiye niliyeipeleka barua posta, na haikuwa imefungwa vizuri. Si kweli. Hakuvuta hatamu vibaya hata mara moja.

Waya kupinda siyo kosa kubwa, hata mwenye akili hukaa. Kosa ni hili. Siku ya tano niliona kidonda mgongoni kwa Wino, ukubwa wa kisoda cha chupa, pale tandiko langu lilipokuwa linamfinya. Ningesema siku hiyo, angepumzishwa, Kijiti angepewa siku nyingine. Lakini nilishajitangaza mtaa mzima. Wino ni mweusi, na kopo la rangi ya viatu lilikuwa dirishani. Nilikipaka kila alfajiri. Swali la Kimya lilikuwa "Amechubuka?" na jibu langu lilikuwa "Hajachubuka."

Leso ya mkaguzi ilitoka nyeusi. Akainusa. Akaomba maji, akaosha, kidonda kikaonekana mbele ya watu wote, na hakikuwa tena cha kisoda, kilikuwa cha kiganja cha mtoto. Akauliza ni nani amefanya hivi. Kijiti akanigeukia, akaniona uso, akajua. Unajua kwa nini mnaniita Spika, sijawahi kukosa la kusema tangu nizaliwe. Pale nilikosa. Yeye ndiye aliyesema, "Farasi ni wetu, kosa ni langu." Jina lake likafutwa pale, kwa kalamu ileile.

Kidonda kinapona, daktari wa mifugo anakuja kila Jumatano. Anasema manyoya yataota meupe na hayatakuwa meusi tena, kwa hiyo ukirudi utapaona. Kijiti ananisemesha kama kawaida, na hilo ndilo linaloniumiza. Wino hanisemeshi. Nikiingia bandani, hata kama nina ndoo ya maji tu, anageukia ukutani, anangoja nitoke.

Nimeandika mwenyewe, hakuna aliyenituma. Usimwambie Kijiti kwamba umejua, mpaka nimwambie kwanza kwamba nimekuambia.

Wako akupendaye, na asiyedai kupendwa wiki hii,

Mpwa wako,
Spika